Seva ya Majaribio: Ushauri kwa Waunda Mifumo wa Nyanda za Juu Kusini

Shughuli nyingi zilizokuwa zikiandikwa kwa mkono katika madaftari makubwa ya Mbeya na Iringa zimehamia katika mifumo ya kompyuta inayofunguliwa kwa kivinjari: akiba na mikopo ya wanachama wa vyama vya ushirika, karo za wanafunzi, kakao inayopokelewa na vyama vya msingi vya Kyela, mbao zinazotoka Mufindi, na miadi ya wagonjwa katika zahanati za watu binafsi. Wanaoiunda mifumo hiyo aghalabu ni vijana waliohitimu karibuni katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, au katika Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Na kwa kuwa kazi hupatikana kwa shida na hulipwa kidogo, kijana mmoja, pengine akisaidiwa na mwenziwe, hujikuta amebeba dhima ambayo zamani iligawanywa baina ya karani, mhasibu na mkaguzi. Makala haya nimeyakusudia kwa vijana hao, na kwa viongozi wa vyama wanaowaajiri, maana kiongozi asiyejua kwa nini fundi wake anaomba seva ya pili hataidhinisha fedha yake, na fundi asiyeweza kueleza haja hiyo kwa lugha nyepesi hataipata.

Majaribio yanayojiendesha ni programu inayoutumia mfumo kwa niaba ya mtu: hufungua kivinjari, huandika jina la mwanachama, hubonyeza kitufe cha kuweka akiba, husoma salio lililotokea, na kutoa hukumu kwamba ni sahihi au si sahihi, tena hufanya hivyo kila fundi anapobadilisha msimbo, bila ya kuchoka na bila ya kumpendelea aliyeuandika. Zana za kazi hiyo si adimu. Selenium ilianzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 alipokuwa katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, na Playwright ilitolewa na Microsoft mwaka 2020. Zote mbili hupatikana bila ya malipo, na yoyote kati ya hizo itakufaa maadamu umeijua vizuri. Lililo adimu ni seva iliyopangwa sawasawa ya kuziendeshea.

Mkulima anayefikisha gunia lake ghalani huiamini mizani kwa sababu anajua kuna Wakala wa Vipimo unaoihakiki kwa uzito unaojulikana. Majaribio ni mizani ya msimbo, na seva ndiyo sakafu ambayo mizani husimama juu yake: sakafu ikiinama, mizani njema hudanganya, na hudanganya kwa sauti ya yakini ile ile inayosemea kweli.

Seva ya majaribio ina masharti mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. La kwanza ni kwamba ifanane na seva ya kazi, yaani ile inayowahudumia watu, katika kila jambo linaloweza kugeuza jibu. Na la pili ni kwamba itengane nayo katika kila jambo linaloweza kumfikia mtu, fedha yake au siri yake. Nimeona mara nyingi masharti haya yakipinduliwa. Fundi huacha tofauti pale palipotakiwa mfanano, akajaribu juu ya kanzidata ya aina moja na kufanya kazi juu ya nyingine, akajaribu kwenye Windows na kuhudumia watu kwenye Linux. Kisha huacha mfanano pale palipotakiwa mtengano, akatumia nywila ile ile, ufunguo ule ule wa kutuma ujumbe wa simu, na nakala ile ile ya majina ya wanachama. Majaribio ya namna hiyo yana hasara mbili kwa pamoja, kwa kuwa hayagundui kosa lililopo na huzua madhara yasiyokuwapo.

Nianze na mfanano. Vijana wetu wengi huandika msimbo katika kompyuta mpakato zenye Windows, hali seva za kukodi karibu zote zina Linux; na Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, walakini Linux hujali. Picha iliyohifadhiwa kwa jina la Nembo.png na kuitwa katika msimbo kwa jina la nembo.png itaonekana mezani kwa fundi na itapotea mbele ya wanachama. Dawa si kumnunulia kila fundi kompyuta nyingine, bali ni kuhakikisha kwamba hukumu ya mwisho ya majaribio haitolewi na kompyuta ya mtu binafsi. Itolewe na seva yenye Linux ya toleo lile lile, lugha ya programu ya toleo lile lile, na kanzidata ya toleo lile lile kama iliyoko kazini. Andika namba za matoleo hayo waziwazi katika faili ya mipangilio, wala usiandike tu kwamba unataka toleo jipya kabisa, maana jipya la leo si jipya la mwezi ujao, nawe utaamka siku moja ukute majaribio yameanguka na hukugusa kitu.

Kadhalika usijaribu mfumo kupitia seva ndogo inayokuja pamoja na zana ya kuandikia programu, ile ya kuwashwa kwa amri moja. Seva hiyo iliwekwa kwa urahisi wa fundi, wala haina tabia za Nginx au Apache itakayosimama mlangoni siku ya kazi. Nginx, isipoambiwa vinginevyo, hukataa ombi lolote lenye mzigo unaozidi megabaiti 1. Lugha ya PHP kwa upande wake, isipobadilishwa, hukataa faili linalozidi megabaiti 2. Picha ya kitambulisho cha taifa iliyopigwa kwa simu ya kawaida huvuka mpaka wa kwanza bila ya taabu, na mara nyingi huvuka wa pili. Kwa hiyo mfumo wa kusajili wanachama uliofaulu majaribio yote juu ya seva ndogo waweza kumkataa mwanachama wa kwanza kabisa anayepakia kitambulisho chake, naye ataambiwa kwa maneno asiyoyafahamu kwamba ombi lake ni kubwa mno. Iweke Nginx katika seva ya majaribio kwa mipangilio ile ile ya kazini, na miongoni mwa majaribio yako liwepo moja linalopakia picha ya megabaiti 5.

Katika kanzidata ndiko nitakakokaa kidogo, maana hapo tamaa ya wepesi huwashinda hata mafundi hodari. SQLite ni programu njema. Inakaa katika faili moja au katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haihitaji seva yake yenyewe, na majaribio juu yake hukimbia. Ila ni pole mno kwa data mbaya. Ukiiambia kwamba safu ya jina la kijiji isizidi herufi 20, itakubali herufi 40 bila ya kulalamika. Safu uliyoikusudia kwa tarakimu itapokea maneno. Fedha yenye sehemu za desimali itaihifadhi kwa namna ya makadirio, kwa sababu haina aina ya namba za desimali kamili. Na uhusiano baina ya jedwali la wanachama na jedwali la mikopo haitausimamia mpaka iamrishwe. MySQL, tangu toleo la 5.7, hukataa kwa ukali herufi zinazozidi kipimo. Matokeo yake ni kwamba jaribio lililopita kwa SQLite ni ithibati ya tabia ya SQLite, si ya MySQL wala ya PostgreSQL. Nakusihi uitumie kanzidata ile ile iliyoko kazini, hata kama majaribio yatachukua dakika nane badala ya mbili. Na ukitaka kuurudisha wepesi ule, unaweza kuiweka kanzidata ya majaribio katika kumbukumbu ya muda badala ya diski, kwa kuwa data yake haina haja ya kudumu.

Hata baina ya MySQL na PostgreSQL kuna hitilafu zinazogusa majina ya watu wetu. MySQL kwa desturi yake haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika kutafuta, kwa hiyo karani akiandika sanga atampata Sanga. PostgreSQL hutofautisha, na karani yule yule ataambiwa kwamba mwanachama hayupo. Na zaidi ya herufi kubwa na ndogo, iko ritifaa. Wilaya ya Kilolo ina mahali panapoitwa Bomalang'ombe, na jina hilo moja ni mtihani wa mfumo mzima. Katika lugha ya kanzidata, alama hiyo ndogo ndiyo inayofungua na kufunga maneno, hivyo msimbo unaounganisha maneno ya mtumiaji na amri ya kanzidata bila ya kuyatenga huvunjika papo hapo mkazi wa Bomalang'ombe anapojiandikisha. Na mlango huo huo uliovunjwa na jina la kijiji kwa bahati mbaya, mwizi anaweza kuupitia kwa makusudi. Tena simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na mfumo usiozisawazisha hizo mbili utakuwa na Bomalang'ombe mbili katika ripoti, kila moja na wakazi wake. Iwekee seva ya majaribio usimbaji wa herufi ule ule wa kazini, ambao kwa MySQL ni utf8mb4, wala si utf8 ya zamani yenye upungufu, na data ya majaribio iwe na jina hilo kwa maandishi yote mawili. Majina ya kigeni yanayobuniwa na zana za kuzalisha data hayatakuonyesha kasoro hii hata ukizalisha laki moja.

Jambo jingine la mfanano ni saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya wakati wa dunia unaoitwa UTC, mwaka mzima, bila ya kusogeza saa kwa majira ya joto au baridi. Seva za kukodi aghalabu huja zimewekwa kwa UTC. Kwa hiyo kila siku, tangu saa sita ya usiku hadi saa tisa ya usiku, tarehe ya Mbeya imekwisha kugeuka na tarehe ya seva ni ya jana. Mtu atauliza ni nani anayeweka akiba saa nane ya usiku. Nami nitamjibu kwamba malipo kwa simu hayafungi duka, na kwamba kazi za kukokotoa riba, kufunga siku na kutoa ripoti hupangwa makusudi katika saa hizo. Zaidi ya hayo, majaribio yenyewe huendeshwa wakati huo, kwa kuwa usiku ndipo mtandao unapokuwa mwepesi na kifurushi kinapokuwa rahisi, na hapo ndipo fundi hukutana na muujiza wa jaribio linalofaulu mchana na kuanguka usiku. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Malipo yanayoingia saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe hiyo, seva iliyoachwa katika UTC itayaandika kuwa ni ya tarehe 30 Juni, saa nne na nusu ya usiku, na ripoti isiyoigeuza tarehe hiyo itayatupa katika mwaka uliokwisha kufungwa.

Fahamu kwamba ndani ya seva moja kuna saa zaidi ya moja. Mfumo endeshi una yake. Lugha ya programu ina yake. Kanzidata nayo hufuata ya mfumo endeshi ila ikiamrishwa vinginevyo. Na kivinjari cha majaribio kina ya nne. Django, kwa mfano, ambayo ni zana ya kuundia mifumo kwa lugha ya Python, faili ya mipangilio isipotaja eneo la saa, huchukua saa za Chicago, jambo ambalo halimfai mtu yeyote kati ya Tunduma na Kitonga. Taja eneo la Africa/Dar_es_Salaam waziwazi kila mahali panapotakiwa, au, na hili ndilo ninalolipendelea, hifadhi nyakati zote kwa UTC na kuzigeuza kuwa za Dar es Salaam wakati wa kuzionyesha na wakati wa kukata mpaka wa siku katika ripoti. Lakini uchague njia moja na uifuate katika seva zote mbili. Kisha usiyaache majaribio yategemee saa iliyopo ukutani. Python, na Laravel ambayo ni zana ya kuundia mifumo kwa PHP, zote zina njia za kuisimamisha saa ndani ya jaribio, nawe uisimamishe mahali penye hatari: usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, usiku wa mwisho wa Desemba, na tarehe 29 Februari. Aidha jaribio lisome ujumbe wenyewe unaokwenda kwa mwanachama, kwa maana ujumbe unaosema mkutano ni saa 8:00, uliotoka katika kompyuta ukimaanisha asubuhi, utamleta mzee wa Isimani saa nane mchana, na atakuwa amesoma vizuri kabisa.

Sasa niingie katika mtengano, na hapa namwomba msomaji asome polepole, maana makosa ya upande huu hayarudishwi kwa kusahihisha mstari wa msimbo. Zana nyingi za majaribio huanza kazi kwa kuifuta kanzidata yote na kuijenga upya. Django huwa na hadhari: huunda kanzidata ya pembeni yenye jina linaloanza na test_, ikaifuta mwisho wa kazi. Laravel hufuata mipangilio uliyoiandika katika faili ya majaribio. Ila iwapo mipangilio ya mfumo imehifadhiwa kwa amri ya config:cache, faili ile ya majaribio haisomwi, na majaribio huenda moja kwa moja katika kanzidata iliyotajwa katika mipangilio iliyohifadhiwa. Kama hiyo ni kanzidata ya kazi, basi akiba za wanachama hufutwa na chombo kilichowekwa kuzilinda. Kinga ya maneno haitoshi hapa. Mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na majaribio apewe haki juu ya kanzidata ya majaribio peke yake. Nywila ya kanzidata ya kazi isiwepo kabisa katika seva ya majaribio, wala katika faili iliyosahauliwa, wala katika historia ya amri. Na kabla ya jaribio la kwanza kuanza, programu isome jina la kanzidata, na isipolikuta limeishia na neno _majaribio, ikatae kuendelea. Kinga hizi tatu huandikwa kwa chini ya saa moja.

Baada ya kanzidata ni ujumbe. Mjane wa Tukuyu aliyemaliza mkopo wake tangu mwaka jana, akipokea saa nane ya usiku ujumbe unaomdai laki tano kwa jina la chama chake, hatajua kwamba hiyo ilikuwa kazi ya majaribio. Atakesha, na asubuhi atapanda gari kwenda ofisini na risiti zake, na chama kitakachomwomba radhi hakitaupata tena moyo wake wa zamani. Django, wakati wa majaribio, huzizuia barua pepe bila ya kuambiwa na kuziweka katika kumbukumbu ili zikaguliwe. Laravel hufanya hivyo ukiielekeza. Lakini hakuna kati ya hizo inayoijua kampuni unayoitumia kutuma ujumbe mfupi wa simu, na mlango huo ni juu yako wewe kuufunga. Andika sehemu ya kutuma ujumbe iwe yenye kubadilishika, kazini itume kweli na katika majaribio iandike tu kile ambacho ingetuma. Wala usibuni namba ya simu ukidhani haina mwenyewe: namba za Tanzania zina tarakimu 9 baada ya 255, na yoyote utakayoibuni kwa kufuata kanuni za mitandao yetu yaweza kuwa mkononi mwa mtu.

Juu ya hayo weka kizuizi katika seva yenyewe, kwa sababu msimbo huandikwa na watu na watu husahau. Ubuntu ina programu ya ufw ambayo kwa amri chache huzuia mawasiliano yote yanayotoka kwenda nje, kisha ukaruhusu anwani zile tu zinazohitajika, kama ghala la msimbo na ghala la vifurushi vya programu. Seva iliyofungwa hivyo, hata fundi akisahau ufunguo wa kweli ndani yake, haiwezi kumfikia mjane wa Tukuyu. Kampuni za malipo kwa simu nazo hutoa mlango wa majaribio wenye funguo zake na fedha isiyo ya kweli. Uombe mapema, maana idhini huchelewa, na usikubali kamwe kishawishi cha kujaribu kwa shilingi mia za kweli huku ukisema ni kidogo.

Suala la nakala za data nimelikuta likichukuliwa kwa wepesi usiostahili. Fundi anapotaka data nyingi kwa ajili ya majaribio, njia fupi ni kuchukua nakala ya kanzidata ya kazi na kuimwaga katika seva ya majaribio, nayo ni seva yenye nywila nyepesi, inayoingiwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na isiyokaguliwa na mtu. Majina, namba za vitambulisho, magonjwa na madeni ya watu huwa yamehamishwa kutoka mahali pa ulinzi kwenda mahali pa wazi bila ya wenyewe kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba taarifa zitumike kwa kusudi lile zilizokusanyiwa. Mwanachama alitoa namba ya kitambulisho apate mkopo, hakuitoa apate kuwa kifaa cha mazoezi. Nami nasema kwamba hata sheria hiyo isingekuwapo, insafu ingetosha kulikataza jambo hili.

Data ya kubuni, ikibuniwa kwa akili, ni bora kuliko nakala, kwa kuwa huleta mambo ambayo kanzidata ya kazi bado haijayaona. Tengeneza orodha yako ya majina ya kwetu: akina Sanga, Mgaya na Mwakalinga wengi wenye jina la kwanza moja, ili uone kama mfumo unawatofautisha, mtu mwenye jina moja tu, mtu mwenye majina matano, mzee asiyejua siku aliyozaliwa bali mwaka, mkopo wa shilingi moja na mkopo wa bilioni. Data hiyo iwe katika faili inayohifadhiwa pamoja na msimbo, ipandwe upya kila majaribio yanapoanza, na kila jaribio lijitegemee, lisihitaji kilichoachwa na jaribio lililotangulia. Ukitaka kujua kama yanajitegemea, yaendeshe kwa mpangilio wa kubahatisha. Yale yaliyokuwa yakiegemeana yataanguka siku hiyo hiyo.

Kuhusu nguvu ya seva sitasema mengi. Kivinjari cha Chrome tangu mwaka 2017 huweza kuendeshwa bila ya kuonyesha dirisha, na hiyo ndiyo namna ya seva; lakini ni mlaji mkubwa wa kumbukumbu ya muda, na seva ya gigabaiti 1 haiwezi kuendesha vivinjari viwili, kanzidata na Nginx kwa pamoja. Ukiwa na gigabaiti 2, endesha kivinjari kimoja kwa wakati na uongeze nafasi ya akiba katika diski. Wanaotumia kontena za Docker wajue kwamba kila kontena hupewa megabaiti 64 tu za kumbukumbu ya pamoja, na Chrome huzimaliza na kuanguka bila ya maelezo ya maana. Waiongeze kwa mpangilio wa shm-size. Vifurushi vya programu vihifadhiwe ndani ya seva visipakuliwe upya kila mara, kwani vivinjari vya Playwright peke yake ni mamia ya megabaiti, na fedha ya kifurushi cha intaneti hutoka mfukoni mwa mtu. Kama seva iko ofisini kwako Kihesa au Mwanjelwa badala ya kuwa ya kukodi, inunulie kwanza betri ya kuihifadhi umeme unapokatika. Jaribio lililokatwa katikati huacha data nusu, na asubuhi utatafuta kosa lisilokuwamo katika msimbo.

Mtandao ni habari nyingine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Iringa na Mbeya, na mtu aliyekaa mjini huweza kudhani kwamba wasiwasi wa kasi umekwisha. Ila mtumiaji wake yuko Chunya au bondeni Kilolo, akiwa na simu ya bei ndogo na mnara wa mbali. Majaribio yanayoendeshwa ndani ya seva moja hujibiwa kwa kitambo kisichohisika, kwa hiyo hayaoni kamwe kile kinachompata mtu huyo: kitufe alichokibonyeza mara mbili kwa kuwa jibu lilichelewa, na malipo yakaingia mara mbili. Linux ina amri ya tc inayoweza kuuchelewesha mtandao kwa makusudi; iweke icheleweshe kila ombi kwa milisekunde 400, na uwe na fungu la majaribio linaloendeshwa katika hali hiyo peke yake. Hapo utayagundua pia majaribio yaliyoandikwa kwa kusubiri sekunde mbili kisha kusoma jibu. Kusubiri kwa saa ni kubahatisha. Jaribio lingoje kitu chenyewe kitokee, yaani salio liandikwe au ujumbe wa kukubali uonekane, na liwekewe kikomo cha mbali ambacho likikifikia lihesabiwe kuwa limeanguka.

Jaribio linapoanguka, seva ihifadhi picha ya ukurasa ulivyokuwa wakati huo, pamoja na daftari la matukio ambalo mafundi huliita logi, la Nginx, la mfumo na la kanzidata, kwa siku 14 angalau. Bila ya hivyo fundi hana ushahidi ila neno moja, nalo ni kushindwa; na fundi asiye na ushahidi huyaendesha tena majaribio mpaka yafaulu, kisha akaenda zake. Tabia hii naichukia kuliko kasoro yoyote niliyoitaja. Jaribio linalofaulu mara moja na kuanguka mara moja bila ya msimbo kubadilika lina sababu, na sababu hiyo aghalabu ni mojawapo ya hizo nilizozieleza: saa, data iliyoachwa, kusubiri kwa kubahatisha, au kumbukumbu iliyokwisha. Litengwe, lichunguzwe, lirudishwe, lisizoewe. Na jaribio ambalo halijawahi kuanguka nalo lina shaka yake. Mara moja kila mwezi, haribu msimbo kwa makusudi katika nakala yako, ufanye riba ihesabiwe mara mbili au ritifaa isitengwe, utazame kama kuna jaribio litakalopiga kelele.

Mwisho, mipangilio yote hii iandikwe katika faili ya amri inayoweza kuijenga seva kutoka katika utupu, kwa Ansible au hata kwa amri za kawaida za Linux zilizopangwa kwa utaratibu, isipokuwa siri zenyewe, ambazo zikae kando mahali penye ulinzi. Vijana wa Mbeya na Iringa huitwa Dar es Salaam mara wanapokomaa, na hawana lawama kwa kwenda. Lakini seva iliyopangwa kwa mkono na mtu aliyekwisha kuondoka hubaki kuwa kitu ambacho hakuna anayethubutu kukigusa, na chama hubaki na mfumo usioweza kubadilishwa. Kabla hujakabidhi kazi, mpe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo seva tupu na faili hiyo peke yake, umtazame bila ya kumsaidia. Na kila pale anaposimama na kuuliza, andika swali lake, kwa kuwa hapo pana mpangilio ambao bado umo kichwani mwako na haujaingia katika faili.